Nilimpiga Mara Mbili, Mbona P3?

Mpendwa Shangazi Hasina, naomba unisaidie haraka, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba, kwetu Ndalu naitwa Simba na darasa la sita niliacha mwenyewe, shule haikuniacha. Juzijuzi tukipakia mahindi, rafiki yangu Wabwile akanichokoza mbele ya Nasambu, msichana ninayempenda, ati, "Simba, hebu sema lori." Nikasema rori. Akaanguka kwa kucheka, "Tena, bana, tena!" Basi nikachukua mpini wa jembe nikamgonga mkono, paap, paap, mara mbili, nilihesabu, na sasa vidole vyake havikunjiki. Nikatorokea kwa mjomba hapa Kitale. Asubuhi ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka shamba linapotea, na nikisimama katikati naona kila bua limevaa plasta nyeupe, linanipungia polepole bila vidole, na mimi nalipungia pia kama mjinga, hadi jua linatoka na yanakuwa mahindi tu. Jana Mama alipiga simu, ati Wabwile amechukua P3. Shangazi, hapo ndipo nakataa. P3 si ni pigo tatu? Nani ameniongezea moja? Niambie ni ofisi gani wanabadilisha iwe P2, halafu Mama apeleke kuku kwao, tumalize.

Wangila, Kitale

Wangila,

Nimecheka, kisha nikaisoma barua yako tena. P3 ni fomu ya polisi, Simba wangu. Daktari huandika humo mtu ameumia kiasi gani, na hapo ndipo kosa lako linapata jina. Sheria haihesabu mapigo, inatazama yameacha nini. Ungemsukuma tu bila kumjeruhi, kifungo kingekuwa hadi mwaka mmoja. Akiumia akapona, hadi mitano. Mkono ukiharibika kabisa, hakimu anaweza kukufunga maisha, na huko kuku hafiki.

Ati alikucheka? Hakuna korti itakayokuuliza kama unajua kusema lori.

Kesho rudi Ndalu na mjomba wako. Tafuta wakili, mwende kituoni ujipeleke mwenyewe, useme yale mapigo yako mawili bila kujisifu hata kwa moja. Kuku apelekwe, lakini kama pole, si kama kifutio.

Na hayo mabua yanayokupungia, kijana, yanakuita nyumbani. Ukifika, omba vidole vya Wabwile vikunjike. Ni vidole hivyo, si mdomo wako, vitakavyoamua kama utavuna tena.