Hawajaenda, Bwana

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na Uluguru yote imefunikwa na ukungu mpaka miguuni. Nimelowa na nimechoka.

Mdogo wangu Klementi yuko mahabusu bomani.

Niandike kwa utaratibu, nisije nikajidanganya. Klementi alirudi wiki iliyopita kwa gari la moshi kutoka Dar es Salaam, baada ya miaka mitatu Ujerumani. Alichukuliwa akasaidie kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha huko, naye akaruhusiwa kusoma. Asubuhi aliwatamkia maneno vijana wa Kizungu wanaojiandaa kuja kutawala huku; mchana alikaa nyuma ya darasa, mwanafunzi kama wao. Mwaka wa kwanza, anasema, alilia kwa baridi na kwa upweke. Barabarani watoto walimsugua mkono waone kama rangi inatoka. Hakukosa darasa hata siku moja.

Mimi, kaka yake, ni mwalimu wa shule ya misheni. Nakiri nilimwonea wivu. Nilidhani atarudi na majivuno. Siku ya pili tu alichukua jembe akaenda kumpalilia mama mahindi.

Leo tumeshuka mjini kuonyesha barua zake za safari bomani. Barazani tukamkuta Mzee Kobelo, jumbe wa kijiji kimoja cha Mgeta, amesimama mbele ya bwana shauri, Mjerumani anayetawala wilaya. Watu wake walitakiwa kwenye kazi ya barabara. Bwana shauri huyu ni mgeni, hajamaliza hata miezi miwili hapa, na anajivunia kusema Kiswahili bila mkalimani.

"Watu wako wapi?"

"Hawajaenda, Bwana. Tuna msiba."

"Hawaendi? Wewe unakataa amri?"

"Sikatai, Bwana. Hawajaenda."

"Hawaendi! Basi, hamsa ishirini!"

Viboko ishirini na tano, kwa mzee wa umri ule. Askari akamshika mabega. Kila mtu barazani alijua kosa liko wapi. Karani alijua. Askari mwenyewe alijua. Mimi, ninayewaandikia watoto maneno hayo hayo ubaoni, nilijua, nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Klementi akavua kofia, akasogea mbele.

Alianza kwa Kijerumani, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Kisha akasema kwa Kiswahili, nadhani ili mzee naye asikie: "Bwana, mzee hakusema hawaendi. Amesema hawajaenda. Wakishazika, wataenda. Wanafunzi wangu kule nao walikosea hapo mwaka mzima, wala sikuwacheka."

Uso wa bwana shauri ukawa mwekundu. Akamtazama mzee, mvua ikipiga juu ya bati.

"Jumbe, wataenda?"

"Wataenda, Bwana. Tumalize matanga tu."

Bwana shauri akampungia askari mkono. Mzee akaachiwa.

Kisha akamgeukia Klementi. "Wewe, nani amekuita?"

"Hakuna, Bwana."

"Siku mbili ndani."

Hakubisha. Mzee Kobelo alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Klementi akavua koti lake akanipa. "Kaka, mpelekee mama, lisilowe," akasema, akamfuata askari bila kusukumwa.

Nimeshangaa njia nzima ya kurudi nyumbani. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni.

Mtu anaweza kukaa miaka mitatu miongoni mwa watu wanaomtazama kama kioja, akarudi hana chuki wala woga. Sijui ni kusoma kulikomfanya hivyo, au alikwenda nao moyo huo. Neno lile nililijua kama yeye. Sikuhitaji kuvuka bahari ili nilijue.

Mama nimemwambia ukweli. Hakulia. Aliuliza tu, "Na wewe ulisema nini?" Nikamjibu kwamba sikusema kitu, naye akainama kuchagua maharage.

Asubuhi nitampelekea Klementi chakula, na sitakiacha kwa askari langoni. Nitapanda barazani, nimwamkie bwana shauri, na kabla hajaniita nimuombe, kwa mdomo wangu mwenyewe, amwachie mdogo wangu.