Wimbo wa Msiba Kwenye Tamasha

Jumamosi jioni, Mbozi

Nilimwambia mwalimu mkuu mara mbili: wimbo ule hapa misheni tunaupiga kwa tarumbeta mtu akifa tu. Akanijibu, "Mgeni wetu wa tamasha kauchagua mwenyewe. Wewe fundisha bendi."

Basi leo kwenye tamasha Yoramu, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote, akasimama peke yake mbele ya wenzake, akaupiga. Hajamaliza, akina mama wakaja mbio kutoka mashamba ya kahawa, majembe mkononi, wanalia. "Nani amekufa?" Mama yake Yoramu, bila hata kumtazama mpigaji, akanishika shati: "Mwalimu, ni Yoramu wangu?"

Mgeni Mzungu akasimama, akapiga makofi. "Tazama, muziki umewaliza!"

Na mwalimu mkuu, Mnyiha kama sisi, akatabasamu. "Ndiyo, bwana."