Madigadi ya Kushoto

Kaka yangu,

Sisi tu hai. Paka amezaa juu ya kiti cha lile gari la Baba, la mashindano, la mtindo wa kizamani, analoliunda mwenyewe uani. Mama amekataza wasiguswe.

Juzi Baba aliniita, uso umemchanua kama bwana harusi. "Njoo uone madigadi za mbele. Zote mbili tayari!"

Ya kulia ungeipenda, kaka. Alichonga mwenyewe kalibu ya kuipa umbo, akatandaza faibaglasi tabaka juu ya tabaka, akasugua mpaka ukipitisha kiganja hukwami popote.

Kushoto hapakuwa na kitu. Gurudumu tupu.

"Baba, na ya huku?"

"Si hiyo hapo? Una makengeza wewe?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Ndipo nilipomtazama vizuri: ndevu kanyoa shavu la kulia tu. Mezani akala nusu ya sahani, ya kulia, kisha akamgombeza Mama kwa kumpunja.

Daktari anasema mshipa uliziba kichwani. Macho ni mazima, ila ubongo umeusahau upande wa kushoto, na mwenyewe hajui kwamba kuna kinachokosekana.

Njoo, kaka, hata kama wewe na Baba hamjapatana. Ukifika, simama upande wake wa kulia. Leo asubuhi nilikaa kushoto, nimemshika mkono, naye akamuuliza Mama nimekwenda wapi.

Mdogo wako,
Kitindamimba