Matoazi Yamekwenda Wapi?

Kaka mpiga ngoma,

Hatujambo. Shemeji yako anakusalimu, na paka amezaa ndani ya spika mbovu.

Ile albamu yetu ya thrashi, ule muziki wa roki nzito ya kasi, ambayo bendi imenipa nichanganye upya sauti zake, inanitoa jasho. Kila wiki naisikia imepoa zaidi. Magitaa bado yanakimbia, ila matoazi yako yamefifia mpaka yamepotea. Nimelaumu kanda, nimebadilisha spika, wapi! Jana nikayapandisha hadi mwisho, nikamwita shemeji yako. Akaziba masikio: "Unataka kutuua na hayo matoazi?"

Mimi nilikuwa sisikii toazi hata moja.

Wenzako wa bendi wanakuja Ijumaa, na sijamwambia mtu. Nishauri, kaka, lakini tafadhali usinipigie simu. Niandikie.

Mdogo wako,
fundi mitambo