Ufunguo Mmoja kwa Matawi Matatu

Jumatano, Nakuru. Jua limewaka tangu asubuhi na mimi nasikia baridi. Chakula cha mchana kimenishinda.

Kazi yangu ni kompyuta, katika kampuni ya daktari wa mifugo yenye matawi hapa Nakuru, Gilgil na Salgaa. Zamani rekodi za ng'ombe wa wakulima zililetwa kwa flash ndani ya bahasha, na nyingine zikapotelea njiani. Ndipo nikaweka VPN. Niliwaeleza wenzangu kwamba ni kama bomba lililofukiwa: intaneti ni ile ile ya kila mtu, ila mambo yetu yanapita ndani ya bomba na aliye nje haoni kitu. Karani wa Gilgil akiandika kwamba ng'ombe amechanjwa, daktari wa Nakuru anaona papo hapo. Nilisifiwa, nikavimba kichwa.

Lakini bomba halijui anayepita ni nani. Linajua ufunguo tu, yaani jina na neno la siri.

Nami nilitoa ufunguo mmoja kwa matawi yote matatu.

Kumpa kila mtu wake, unaofungua rekodi za tawi lake tu, kungenichukua siku mbili. Niliona uvivu.

Jeruto, karani wa Salgaa, aliijua VPN kama wengi wanavyoijua hapa kwetu: ujanja wa kupata intaneti bila kununua bundle. Madereva wa malori walipomwomba, akawapa ufunguo kwa roho safi. Ukasambaa. Jumatatu mtu tusiyemjua aliingia akafuta rekodi zote, za miaka sita. Nakala ya akiba niliiweka kwenye kompyuta ile ile yenye rekodi. Imeenda pia.

Leo mzee, mwenye kampuni, alituita. Jeruto hakukana, akafutwa kazi. Kisha mzee akaniuliza kama hasara hii ingezuilika. Nikajibu kwamba watu hawafuati maagizo.

Nilisema hivyo Jeruto akiwa amesimama kando yangu. Najichukia.

Baadaye Jeruto alinikuta getini akiwa na mkoba wake.

“Pole, boss,” akaniambia. “Nimekuharibia kazi yako.”

“Usijali,” nikamjibu.

Kesho mzee atafika saa mbili asubuhi, kama kawaida yake. Ukweli wenyewe ni sentensi moja. Mbona leo ilinishinda kuisema kabla Jeruto hajafutwa kazi?