Picha Tatu Zenye Tundu

Jumatatu, 5 Mei

Nimeskani picha kumi na moja. Umeme umekaa mpaka saa tisa alasiri, nashukuru. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, laza kwenye kioo, funga, subiri, andika namba. Rudia. Mgongo unauma.

Albamu ni ya Mama. Niliichukua nyumbani kwake Buswelu wiki iliyopita, nikamwambia ni ya kazi ya chuo. Hakuuliza kazi gani. Aliifunga kwenye kipande cha kitenge isilowe, akanipa na karanga.

Mradi ni huu: picha kumi na mbili za nyumbani kwenu, uzihariri, uzipange, kila moja na maelezo mafupi. Maonyesho tarehe 27 ukumbini. Wazazi na ndugu wanakaribishwa. Nusu ya alama za muhula. Wenzangu wananung'unika kwamba ni kazi ya watoto wa shule. Mimi nimeipenda, sina haja ya kujifanya.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimefika kwenye zile tatu.

Ya kwanza: Baba na Mama studio, nyuma yao pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Ya pili: harusi ya baba mdogo, Bujora, picha kubwa ya ukurasa mzima, watu wamejipanga mistari miwili. Ya tatu: ubatizo wangu. Baba amenibeba, mimi nimevaa gauni refu jeupe na ninalia. Kwenye zote tatu Baba hana sura. Mahali pa kichwa pana tundu la pembe nne, unaona mpaka ukurasa wa albamu.

Alikuwa fundi wa majokofu kiwanda cha samaki. Alifariki nikiwa na miaka mitano. Nakumbuka mikono yake na kikohozi chake. Sura naijua kwa picha moja tu, ya msibani, iliyoko ukutani kwa Shangazi kule Kamanga. Imekuzwa mpaka imekuwa ukungu mtupu.

Nilipokuwa na miaka tisa nilimuuliza Shangazi, dada yake Baba, kuhusu yale matundu. Alinijibu bila kupepesa macho: "Mama yako ndiye aliyemkata. Waligombana mpaka kitanda cha ugonjwa." Nililipokea jibu hilo nikakaa nalo miaka kumi na tatu. Nampenda Mama. Pia nina hasira naye. Vyote viwili vimekaa nyumba moja, nimezoea.

Maelezo niliyoandika: "Mama yangu alimkata baba yangu kwenye picha. Mpaka leo hajaniambia kwa nini."

Nimeyasoma mara kumi. Ni mazuri. Najua ni mazuri.

Ijumaa, 9 Mei

Madam Kokugonza, mwalimu wetu wa picha, amepita meza kwa meza. Kwangu alisimama muda mrefu. Alivua miwani, akavaa tena. Akasema zile tatu zikae pamoja, ukuta wa mlangoni, kila anayeingia aanze nazo. Darasa zima likanigeukia. Nilijisikia mrefu.

Halafu akagawa fomu. Kila mtu mzima aliye hai na anayetajwa kwenye maelezo, au aliyetoa habari zilizomo, lazima asaini kwamba amesoma maelezo na amekubali. Bila saini, picha haipandi ukutani.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mama lazima ayasome.

Jumamosi, 10 Mei

Eliud, ninayekaa naye meza moja, amejitolea kuziba tundu kwa kompyuta. Eti programu yake inajaza chochote kinachokosekana. Akabonyeza. Baba akatokea na sura ya msomaji wa taarifa ya habari, meno yote thelathini na mawili. Eliud mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi pia nilicheka, kisha nikachukia. Nikafuta.

Hata hivyo namshukuru. Sasa najua sitaki kuziba kitu.

Jumapili, 11 Mei

Nilikwenda Buswelu na fomu kwenye begi. Misa ya kwanza, kisha nyumbani. Mama alikuwa na sare za kwaya ishirini na nne za kumaliza, cherehani haikupumzika. Nikamsaidia kushona vifungo. Alinipikia sato wa nazi, ingawa mwenyewe huwa anasema nazi ni mambo ya watu wa pwani, kwa sababu tu anajua naipenda.

Mara tatu nilifungua begi. Mara tatu nikalifunga. Ningeanzaje? Mama, hebu saini hapa kwamba wewe ni mtu mbaya.

Nimerudi hosteli na fomu tupu na bakuli la samaki. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 14 Mei

Nimevuka kwa feri kwenda Kamanga kwa Shangazi. Yeye ndiye aliyenipa habari ya matundu, kwa hiyo saini yake nayo inahitajika. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ya kuvuta, akaniketisha chini ya ile picha ya msibani.

Nikamsomea maelezo. Alifurahi kuliko nilivyotaka afurahi. Alijipiga mapaja. "Hatimaye mtoto wa kaka yangu amesema ukweli." Akasaini haraka, herufi kubwa kubwa. Akasema atakuja maonyesho na wanawake wa kikundi chake, wote, wakodi hata gari.

Niliipiga ile picha ya ukutani kwa simu. Nilitaka kuwa na kitu chenye sura, basi.

Kurudi nilikaa nje upande wa upepo. Nilipaswa kuwa na furaha. Sikuwa nayo.

Alhamisi, 15 Mei

Niandike taratibu.

Nimeweka picha ya ukutani kwa Shangazi kando ya picha ya studio, ile ya kwanza yenye tundu. Nilikuwa nalinganisha mwanga tu. Nyuma ya bega la Baba, kwenye picha ya Shangazi, kuna michirizi myeupe. Siku zote nilidhani ni unyevu umeiharibu. Ni maji. Ni maporomoko ya pazia la studio. Nikaipunguza, nikaisogeza juu ya tundu. Michirizi ikaungana. Kola ya shati ikaungana.

Picha ya msibani imetoka kwenye tundu hilo. Shangazi amening'iniza ukutani kipande kile kile anachosema Mama alikikata kwa chuki. Ameishi nacho miaka kumi na saba.

Nikaskani zote tatu upya, kwa ukubwa wa mwisho wa mashine. Nikakuza kingo za matundu. Kuna mstari wa penseli. Umepigwa kwa rula, na kwenye kila pembe kuna alama ndogo ya msalaba, kama fundi nguo anavyotia alama kabla ya kukata. Nikapima. Yote matatu ni saizi ya pasipoti, sawasawa kabisa.

Mtu mwenye hasira hapigi mstari kwa rula.

Nimemwona Mama akitia alama hizo kwenye vitambaa tangu nizaliwe. Nilikuwa na macho ya nini?

Ijumaa, 16 Mei

Mama amepiga simu saa moja asubuhi. Shangazi alishamwambia. Alimpigia jana jioni kumsomea maelezo yangu, neno kwa neno, aliyashika yote kichwani.

Mama hakupandisha sauti. Ningeomba apandishe. Alisema, "Nimesikia ulichoandika. Jumapili njoo nyumbani." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sikuingia darasani. Nililala nimegeukia ukuta. Maneno "hajaniambia kwa nini" yananirudia. Sijawahi kumuuliza. Hata siku moja. Nimeandika uongo kwa Kiswahili kizuri na nikasifiwa.

Jumapili, 18 Mei

Nilifika nikapiga magoti mlangoni. Mama akasema niinuke, sakafu imepigwa deki.

Alifunika cherehani kwanza. Akakaa. Nilimwambia nimeona penseli, nimeona rula. Akaeleza, kwa mpangilio, bila machozi.

Tundu la kwanza: siku Baba alipofariki, ndugu walitaka picha ya kukuza kwa ajili ya msiba, na mwenye studio alikuwa amehamia Geita na negativu zote. Mama alikata usiku ule ule, picha ikakuzwa, na baada ya mazishi Shangazi akaondoka nayo. Mama hakuidai. "Alikuwa amefiwa na kaka. Mimi nilikuwa na wewe."

Tundu la pili: mimi kuingia darasa la kwanza. Kulikuwa na mfuko wa kusomesha watoto waliofiwa, na fomu ilitaka picha za wazazi wote wawili, aliye hai na asiyekuwepo. Alipeleka fotokopi, wakaikataa. Fomu ilikuwa inafungwa kesho yake.

Tundu la tatu: kidato cha kwanza. Fomu mpya, picha mpya. Ilikuwa imebaki ile ya ubatizo tu. Alisema hiyo ilimshinda siku mbili. Alipiga mistari, akafuta, akapiga tena. Kisha akakata.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Ulikuwa mdogo, ng'wanawane, mwanangu. Halafu ukawa mkubwa na hukuuliza. Mimi nilidhani unajua." Akaangalia mikono yake. "Sikujua unanifikiria hivyo. Imeniuma. Nisikufiche."

Nililia nikamlalia mapajani. Nina miaka ishirini na mbili. Alinipapasa kichwa akasema nywele zinataka kusukwa. Na kuhusu Shangazi akasema nisiende kumgombeza, nimweleze tu.

Nimesoma kwa sura ya baba yangu. Kihalisi. Imebandikwa kwenye fomu ili mimi nipate daftari.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda shule yangu ya msingi kutafuta ile fomu ya mfuko, ilipitia kwao. Mwalimu mkuu ni mpya, hanijui, lakini alinisikiliza mpaka mwisho na akafungua stoo mwenyewe. Tulipekua mafaili kwa muda wa karibu saa mbili, yeye amekunja mikono ya shati. Mungu ambariki mtu yule.

Ipo. Fomu yenyewe, picha imebanwa kwa pini yenye kutu. Baba. Sura kali kabisa, hakuna ukungu. Masikio yake ndiyo haya yangu ninayoyaficha kwa nywele. Hatabasamu, ila mdomo unaelekea huko, ni ile picha ya harusi ya Bujora.

Nilikaa kwenye kiti cha wanafunzi nikaangalia. Mwalimu mkuu alitoka nje akaniachia chumba.

Sikuichukua. Ni mali ya faili. Niliipiga picha, na fomu yote pamoja nayo, mwandiko wa Mama ukionekana.

Sekondari nilipiga simu. Mafaili ya miaka ile yalishachomwa. Sura ya ubatizoni haipo tena duniani, basi. Nimekubali.

Alhamisi, 22 Mei

Nilimpigia Shangazi. Nilieleza taratibu, kama Mama alivyoagiza: pazia la studio, michirizi ya maji, penseli. Kisha nikamsikia akisogeza kiti, nadhani alikuwa anapanda kuiangalia ile picha kwa karibu. Akasema, "Ni maji kweli." Kisha akasema atanipigia. Hajapiga.

Madam nimemwambia kwamba maelezo yangu yalikuwa uongo na nayaondoa. Nilitegemea aniwakie. Alisema ana wanafunzi wengi wanaojua kuhariri picha na wachache wanaokubali kujihariri wenyewe, na kwamba ukuta wa mlangoni bado ni wangu. Akanipa mpaka Jumatatu kuleta saini. Namshukuru, ingawa sentensi ile aliipamba mno.

Mpangilio mpya: picha tatu na matundu yake, wazi, sijaziba. Chini yake fomu ya shule, na sura ya Baba kwa saizi ile ile ya pasipoti. Sijaikuza. Anayetaka kumwona asogee.

Ijumaa, 23 Mei

Shangazi amepiga. Anakuja maonyesho, peke yake. Ameuliza kama Mama atakubali wakae pamoja. Nikasema amuulize Mama mwenyewe. Naambiwa wameongea nusu saa. Sijui wamesema nini, na safari hii haya si ya kuandikia maelezo.

Jumapili, 25 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nimekuja Buswelu na kompyuta ndani ya mfuko wa nailoni. Mama alinawa mikono, akaikausha vizuri, akavaa miwani ya kushonea, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta wima kama yuko ofisini kwa mtu.

Aliangalia fomu ya shule kwa muda. Aliigusa sura ya Baba kwa ncha ya kidole, akaondoa kidole upesi asichafue. Kisha akasoma maelezo mapya, sauti ya chini:

"Mama yangu alizikata picha hizi kwa rula na wembe. Moja ili baba azikwe na sura yake. Mbili ili mimi nisome."

Nikamuuliza kama kuna kibaya. Akasema hakuna, ni kweli tupu. Fomu ya saini ilikuwa mbele yake na kalamu juu yake, lakini hakuichukua.

Akasema, "Hao watakaosoma hawanijui. Mama yangu, mama yangu, kila mtu ana mama. Andika jina."

Mtaani ni Mama Kabula, kwa jina langu. Kanisani ni Mama Kabula. Hata wateja wake wanaandika hivyo kwenye simu zao. Nilikaa nikagundua sijawahi kuliandika jina lake mahali popote, isipokuwa kwenye fomu, penye neno "mlezi".

Nikafuta "Mama yangu". Nikaandika Leokadia Nyanzala Masanja.

Akalisoma mara mbili, polepole. Kisha akachukua kalamu, akasaini.