Mzigo wa Mazoezi

Ummul, uko? Nimeoga mara mbili na bado nanuka.

Si unajua ile begi ya mchanga kocha wangu Abdalla hunibebesha, eti bila hiyo siwezi kupita mtihani ya kikosi maalum ya polisi? Kila asubuhi nakimbia nayo kutoka Hurlingham mpaka Kenyatta Market, yeye nyuma na pikipiki, "Komando hachoki!" Tukifika anaichukua mwenyewe. Nikadhani ni heshima.

Leo imevuja. Maji ya kijani, vuguvugu, ikateremka mgongoni mpaka ndani ya viatu.

Nikafungua. Matumbo, Ummul! Matumbo ya ng'ombe, haijaoshwa hata!

Kumbe siku hizi zote napelekea dadake Abdalla stoku ya kibanda yake ya supu hapo sokoni. Bure! Mimi ndio mkokoteni!

Nikamuuliza mbona asibebe na pikipiki. Unajua alisema nini? "Hii ni mpya, itanuka."

Pikipiki itanuka. PIKIPIKI!

Halafu akaniuliza kama kesho nitachelewa.

Na wewe wacha kucheka. Ile supu ya matumbo ulikunywa Jumamosi kwa dadake, ukalamba bakuli, ukaitisha ingine? Ilipitia mgongoni mwangu.